Fundi Redio Amenyoa Ndevu

Mlango ulipofunguliwa nilikuwa nimesimama juu ya kiti, nabandika shuka jeupe dirishani mwa karakana ili jua la mchana lisitupige kwa ukali. Nikageuka kuangalia nani ameingia. Nikadhani ni mdogo wake yule mwigizaji wetu.

"Samahani kaka, umekosea chumba," nikamwambia.

"Ni mimi," akasema.

Sauti ilikuwa yake. Macho yalikuwa yake, yaleyale yaliyokuwa yakininyima raha. Lakini kile kidevu! Kidevu kile sikuwahi kukiona maishani mwangu. Kilikuwa laini, kinang'aa kama kijiko kilichotoka kuoshwa.

Nilitoka juu ya kiti, na mpaka leo sijui kama nilishuka au nilianguka.

"Ndevu ziko wapi?"

Akajishika kidevu kama mtu anayehakikisha kipo. "Nimenyoa."

"Naona kwamba umenyoa! Nauliza ziko wapi!"

"Sasa ulitaka akuletee kwenye mfuko?" Taa akadakia kutoka kwenye kona, akicheka mpaka tochi aliyoshika ikawa inacheza ukutani.

Taa ni msichana mwenzangu, tunakaa chumba kimoja bwenini. Jina hilo alilipata kwa sababu yeye ndiye mshika taa wetu, na kwa sababu hana siri. Chochote akijuacho kinawaka. Mimi waliniita Kata, kwa neno ninalolipigia kelele kila nikitaka kusimamisha picha. Na huyu aliyesimama mlangoni na uso wa mtoto wa shule, anayesomea uhandisi na ambaye hakuna kifaa kilichoharibika kikamshinda, tulimwita Fundi.

Ngoja nieleze, maana mtu asiyewahi kupiga filamu atasema ndevu ni ndevu tu, zitaota tena.

Mimi nasomea ufamasia. Hakuna aliyenituma kujifunza video. Nilianza likizoni, nikiwa sina kazi, nikitazama masomo ya bwana mmoja mtandaoni ambaye kila sentensi anaianza kwa "marafiki zangu wapenzi." Nikajifunza kushika kamera bila kutetemeka, nikajifunza kuhariri, yaani kukata vipande na kuviunganisha, kutoa kelele za feni kwenye sauti, kulainisha rangi. Kufikia chuo kinafunguliwa nilikuwa nimeshapagawa. Chama cha filamu cha wanafunzi kikatupa sisi tunaojifunza karakana ya zamani ya useremala, kwa sharti kwamba kila kikundi kilete filamu moja fupi. Onyesho lilikuwa Ijumaa inayokuja.

Yangu ilihusu fundi redio. Anakaa kwenye kibanda chake, na kuna mteja mmoja, mwanamke, kila mara anamletea redio ileile iharibike, itengenezwe, iharibike tena. Mpaka fundi anagundua kwamba redio haina ubovu wowote. Anamrudishia, anamwambia haijaharibika, wanacheka, lakini hathubutu kusema lililo moyoni, na mwisho anafunga kibanda na kuhama.

Fundi nilimpata. Mteja nilimkosa. Kila msichana niliyemwomba alisema ana aibu. Basi nikaamua mteja asionekane kabisa. Kamera ndiyo iwe macho yake. Itaonekana mikono tu ikiweka redio mezani, na mikono hiyo ni yangu, kucha amenipaka Taa. Fundi azungumze na kamera, acheke na kamera, aitazame kamera.

Hapo ndipo nilipojitia kitanzini.

Kila Jumamosi nilikaa mbele yake nimeshika simu, tena simu yake, kwa sababu ndiyo iliyokuwa na kioo kizuri kuliko zetu zote. Na yeye akanitazama. Jamani, sijui niseme vipi. Alinitazama kama mtu aliyefika nyumbani akakuta mlango uko wazi. Nikisema "Kata!" anageuka, anakunywa maji, anamtania Taa, anakuwa mtu wa kawaida. Mimi nabaki na mapigo ya moyo. Sikujua fundi redio anaishia wapi na huyu Fundi wetu anaanzia wapi, na kumuuliza nilikuwa naogopa kama naogopa sindano. Nilichojua ni kimoja tu: nampenda. Nampenda mpaka nikihariri nakirudia kipande kimoja hata kama hakina kosa.

Sasa leo ilibaki picha ya mwisho. Fundi redio anaaga. Tulikuwa tumeshapiga kila kitu, na katika kila kitu ana ndevu nene kama brashi ya viatu.

"Katika hadithi ni siku ileile," nikamwambia, nikipigapiga mswada kwa kiganja. "Anaweka bisibisi mezani ana ndevu, anafungua mlango hana! Watazamaji watadhani amenyolewa na redio!"

Taa akakaa chini kabisa kwa kicheko. Fundi mwenyewe alitaka kucheka, nikamwona, lakini hakucheka. Hilo ndilo lililonitia wasiwasi.

"Shangazi ndiye aliyesema ninyoe," akasema.

"Shangazi anajua tunapiga filamu?"

"Hajui. Alisema siwezi kwenda mbele za watu kama nimetoka porini."

"Watu gani?" akauliza Taa. Mwenzangu huyu ana pua ya umbea, harufu ilikuwa imeshamfikia.

Fundi akatazama sakafu. "Kuna familia. Mama mmoja rafiki yake shangazi. Ana binti. Tunakwenda kuonana nao."

"Lini?"

"Leo. Jioni."

Nikaokota gundi ya karatasi iliyoanguka, nikaiweka mezani, nikaiokota tena.

"Hongera," nikasema.

"Usinipe hongera."

"Nikupe nini? Mtu akipelekwa kuposa hupewa pole?"

"Sijasema naposa. Nimesema naenda kuonana nao."

"Na kidevu kimesafishwa kwa ajili ya kuonana tu." Nilijisikia nikisema kwa sauti ya juu, na sikuweza kujizuia. "Kwa hiyo wakati unashika wembe hukuwaza kabisa, hata kidogo, kuhusu..." Nikasita. "Kuhusu filamu?"

"Filamu," akarudia taratibu.

"Ndiyo, filamu!"

"Unazililia ndevu, Kata. Mimi mwenyewe hunililii hata kidogo."

"Nikulilie wewe kwa lipi?"

Akanisogelea. Bila ndevu uso wake haukuwa na mahali pa kujificha. Niliona misuli ya shavu ikicheza. "Shangazi ndiye aliyenilea. Hajawahi kuniomba kitu. Nikimwambia siendi, ataniuliza kwa sababu gani. Nimwambie nini? Nipe sababu. Nipe moja tu, nimpelekee."

Taa alikuwa anatazama viatu vyake. Nilikuwa nimefunguliwa mlango mzima, nimewekewa na zulia. Na mimi, mwandishi wa mazungumzo matamu ya fundi redio na mteja wake, nilisema nini?

"Sababu ni kwamba tuna filamu ya kumaliza."

Akatikisa kichwa. Hakukasirika, na afadhali angekasirika. Akaiweka simu yake mezani. "Basi fikiria utafanya nini na uso huu. Niko bombani nje nakunywa maji. Ukishindwa, niambie niende zangu."

Mlango ulipofungwa Taa akanigeukia.

"Wewe ni mzima kweli?"

"Niache."

"Nakuuliza kama ni mzima. Mtu anakuja na moyo wake kwenye sinia, wewe unaangalia sinia!"

"Alikuwa anaigiza, Taa! Wiki zote hizi nilimwambia mimi mwenyewe atazame hivi, acheke vile. Sasa nitajuaje?"

"Kwa kuuliza. Watu huuliza."

Nikakaa mbele ya kompyuta ili nisilie. Mtu akiwa na kazi mikononi machozi hupata adabu kidogo. Vipande vyangu vyote vilikuwa vimejipanga kwenye kioo, kimoja baada ya kingine, na kila kimoja kina ndevu.

"Mpige kwa nyuma," Taa akasema, akivuta kiti.

"Anaaga akiwa amenipa kisogo? Atakuwa anamuaga mtu au ukuta?"

"Avae skafu."

"Kwenye joto hili?"

"Basi tumchore ndevu kwa wanja."

"Atafanana na paka."

"Paka mzuri lakini," akasema, na licha ya kila kitu nikacheka, kicheko chenye kamasi.

Nilikuwa nimeacha nafasi tupu mwishoni mwa mstari wa vipande, nafasi ya picha ya kuaga, nikaibandika alama nyekundu. Nikataka kuifuta kabisa. Kwa haraka zangu, badala ya kuifuta nikaiburuta, ikateleza, ikaenda kukaa mwanzo kabisa mwa filamu, mbele ya kila kitu. Nikatukana kimoyomoyo. Nikanyoosha kidole niirudishe.

Sikuirudisha.

Nikatazama. Nafasi nyekundu, kisha mikono yangu inaweka redio mezani, kisha Fundi anainua uso wenye ndevu na kukaa kimya kabla ya kusema, "Karibu. Imeanza lini kuharibika?" Ule ukimya ulikuwa ukinisumbua tangu siku ya kwanza, nilikuwa nimepanga kuukata kwa sababu fundi hana haja ya kumshangaa mteja asiyemjua.

Lakini kama anamjua?

Nywele zikanisimama. Filamu haijali umepiga kipi kwanza. Kama kuaga kunatangulia, basi ni kijana asiye na ndevu anayeondoka. Kisha miaka inapita. Kisha amerudi, uso umebadilika, amefungua kibanda, na siku moja anawekewa redio mezani, anainua macho, na ni yule aliyemwacha. Ndiyo maana ananyamaza! Ndiyo maana redio haina ubovu! Kila neno walilosema lilibaki vilevile na kila neno likawa na maana nyingine.

Nilipiga ukelele. Taa naye akapiga ukelele, bila kujua wa nini. Fundi akaingia mbio, maji yanamchuruzika shingoni, akienda moja kwa moja kuchomoa waya ukutani.

"Nani amepigwa na umeme?"

"Mimi! Hapana! Usichomoe! Njoo uone!"

Nikamweleza, sijui nilimweleza kwa lugha gani maana nilikuwa nasema na mikono na mabega na miguu. Akainama kutazama. Bega lake likakaa karibu na langu, alikuwa ananukia sabuni ya kunyolea, nikasahau nilikuwa nimemnunia. Nikamchezeshea ule ukimya. Nikamchezeshea mara ya pili.

"Kwa hiyo haondoki mwisho," akasema.

"Anaondoka mwanzo."

"Na mwisho?"

"Mwisho ni pale anapomrudishia redio na kusema haijaharibika. Halafu wanacheka. Basi, hapo hapo, giza."

Uso wake ukafunguka. "Tangu siku ya kwanza sikupenda ahame."

"Mbona hukusema?"

"Mwongozaji ni wewe."

"Mimi ni mwanafunzi tu!"

"Basi na mimi ni nani, nyota?" Akacheka kwa sauti, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba akicheka kidevu chake kina kishimo kidogo. Ndevu zilikuwa zimeniibia kitu.

Tukaingia kazini kama watu waliochomwa. Tulikuwa na kiti cha ofisi cha magurudumu, ndicho gari letu la kamera: mimi nakaa na simu, Taa anakivuta taratibu kuelekea nyuma, Fundi anakuja mlangoni na begi. Nikamwandikia neno jipya papo hapo, akalikariri akitembea. *Naondoka. Nikirudi usijifanye hunijui.* Nikaizimia simu mtandao isipokee chochote, kama kawaida yetu, maana siku ya kwanza tuliharibiwa picha nzuri kuliko zote na mtu aliyekosea namba.

"Kamera," nikasema. "Anza!"

Mara ya kwanza Taa alikivuta kiti mpaka kwenye benchi, nusura nipae. Mara ya pili ufagio ulianguka wenyewe, bila kuguswa na mtu. Tukacheka mpaka mbavu zikauma, na wakati tunacheka nilisahau jioni ile ilikuwa na nini. Kisha nikakumbuka.

Mara ya tatu kila kitu kilikaa sawa. Shuka liliuchuja mwanga ukawa kama maziwa. Kiti kilirudi nyuma bila mlio. Fundi akaja, akasimama, akainua macho.

Nilikuwa nimemtazama kupitia kioo kile Jumamosi zote. Leo hapakuwa na ndevu, hapakuwa na bisibisi, hapakuwa na kitu cha kushika kwenye uso ule.

"Naondoka," akasema. Nikangoja. "Naondoka..."

"Umesahau?" nikanong'ona.

"Sijasahau. Siwezi."

"Huwezi nini?"

"Siwezi kukuaga, Kata."

Na hapo mlango wa nyuma yake ukafunguliwa kwa kishindo, mwanamke mwenye gauni la heshima na mkoba mkubwa akaingia katikati ya picha yangu. Sikuwa na akili ya kufikiri. Akili yangu yote ilikuwa kwenye kioo.

"KATA!" nikafoka.

"Umkate nani?" yule mama akauliza.

Taa akajificha nyuma ya shuka, miguu inaonekana.

"Shikamoo, shangazi," Fundi akasema.

Ndiyo. Alikuwa yeye. Nilikuwa nimesikia habari zake: mkunga, msimamizi wa wodi ya wazazi, mwanamke ambaye sauti yake tu humfanya mtoto aamue kuzaliwa. Na mimi nilikuwa nimemfokea. Nikainuka kwenye kiti, kiti kikateleza, nikaamkia nikiwa nimeinama nusu.

"Marahaba." Hakunitazama. Alikuwa anamtazama mwanawe. "Nimekupigia mpaka kidole kimeota sugu. Nikasema amegongwa na gari. Nikaja chuoni, nikauliza, mlinzi akaniambia, 'Aa, yule wa sinema?' Nikamwambia wangu anasomea uhandisi. Akasema ndiyo huyohuyo."

"Simu ndiyo kamera, shangazi. Tunaizimia mtandao tukiwa tunapiga."

Akageuza macho taratibu. Aliona zile trei za mayai tulizobandika ukutani kuzuia mwangwi, aliona shuka na miguu chini yake, aliona kompyuta.

"Uliniambia Jumamosi unajifunza."

"Ndiyo, najifunza."

"Nini?"

"Video."

"Video," akasema, kama mtu aliyetajiwa ugonjwa anaoujua. Nikangoja kuambiwa nimempotezea mtoto muda. Badala yake akaweka mkoba juu ya benchi la seremala, akatoa miwani, akaifuta kwa ncha ya gauni. "Haya. Nionyesheni hiyo video iliyonifanya nitembee mguu kwa mguu kwenye jua hili."

Nikamtengea kiti cha magurudumu. Taa akatoka mafichoni akakishika kwa nyuma kisikimbie. Nikabonyeza.

Nilikuwa nimetazama kazi ile mara nisizoweza kuhesabu, lakini kuitazama mbele ya shangazi mtu ni jambo jingine. Kila kosa liliongezeka ukubwa. Pale mwanga ulipozidi nilitaka kuzikwa. Lakini mama yule hakutoa macho kwenye kioo. Fundi redio alipoirudisha redio na kuambiwa imeharibika tena, shangazi akaguna: "Huyu mwanamke anamchezea." Alipojigonga kichwa kwenye rafu, mama akacheka, kicheko cha ghafla, akaziba mdomo. Nikamtazama Taa. Taa akanikonyeza.

Kisha kikaja kile kipande ninachokirudia bila sababu. Fundi amemaliza kazi. Haongei. Anatazama tu.

Shangazi akasogeza uso karibu na kioo.

"Hapa anamtazama nani?"

"Mteja, mama," nikasema.

"Mteja mwenyewe yuko wapi?"

"Haonekani. Tumeifanya kamera iwe ndiyo mteja. Anaitazama kamera."

"Na hiyo kamera alikuwa ameishika nani?"

Hapakuwa na feni, hapakuwa na ufagio wa kuanguka, hapakuwa na kitu chochote cha kunisaidia.

"Mimi," nikasema.

Akavua miwani. "Wewe."

"Ndiyo, mama."

"Wakati wote huo?"

"Ndiyo, mama."

Akakizungusha kiti, Taa akalazimika kuruka pembeni. "Na wewe, bwana mwigizaji. Ulikuwa unaigiza hapa?"

Nilitazama ukuta. Swali nililoogopa kuliuliza lilikuwa limeulizwa na mtu mwingine, mbele yangu, na jibu lilikuwa linakuja nipende nisipende.

"Siku ya kwanza nilikuwa naigiza, shangazi," akasema.

"Na siku ya pili?"

"Siku ya pili nilisahau."

Moyo wangu! Ulipiga mpaka nikahofia kinasa sauti kitausikia. Shangazi akashusha pumzi ndefu, ya mtu aliyekesha wodini.

"Sasa kwa nini hukuniambia kabla sijafungua kinywa changu kwa watu? Mimi ni adui yako?"

"Ningekuambia nini? Yeye mwenyewe hajasema hata neno. Kila nikimkaribia anasema 'Kata.'"

Wote watatu wakanigeukia. Na ndipo nilipojiona: nilikuwa nimeinua simu. Sikumbuki niliinua saa ngapi. Nilikuwa nimeishika usawa wa macho kwa mikono miwili, nimewaweka wote ndani ya kioo, kama vile mambo yale yalikuwa yanawapata watu wengine.

"Binti," akasema shangazi. Sasa sauti yake ilikuwa ya chini. Nadhani ndiyo anayoitumia wodini mambo yakiwa magumu. "Shusha hiyo simu."

Nikaishusha.

"Yeye nimeshamwona anavyokutazama. Wewe sijakuona. Mtazame hapa, bila hicho kioo."

Nilikuwa sijawahi. Amini usiamini, Jumamosi zote zile nilikuwa sijawahi kumtazama kwa macho matupu zaidi ya muda wa kumpa maji. Nikajikaza. Nikageuka. Alikuwa amesimama mlangoni na lile begi la kuondokea bado begani, kishimo kidevuni, hofu imemjaa usoni, na hapakuwa na kitufe cha kubonyeza, wala nafasi ya kurudia. Macho hayakukwepa.

"Nakupenda," nikamwambia. "Sijui kulisema vizuri, lakini nakupenda wewe, si huyo wa kwenye kioo. Sitaki uende kwa mwanamke mwingine."

Begi likaanguka. Akapiga hatua moja, akamkumbuka shangazi, akasimama. Lakini tabasamu lile hakuna aliyeweza kulisimamisha.

Shangazi akainuka, akachukua mkoba wake, akaufunga zipu mpaka mwisho.

"Tunakwenda," akasema.

Damu ikanikauka. "Mama..."

"Nimesema tunakwenda. Watu wametandika meza kwa heshima yangu. Utakwenda," akamwambia Fundi, "utawatazama usoni, na yule binti utamwomba radhi kwa kinywa chako mwenyewe, kwamba moyo wako una mtu. Hajakosa chochote. Hatapigiwa simu kama anaahirishiwa fundi wa bomba. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, shangazi." Macho yalikuwa yanamng'aa. "Asante, shangazi."

"Usinishukuru, nina hasira na wewe ya wiki nzima." Kisha akanigeukia mimi, akanitazama kuanzia kucha alizonipaka Taa mpaka utepe wa gundi ulioning'ang'ania kwenye nywele. Akanyoosha mkono akaubandua. "Na wewe usianze kucheka. Sijakukubali. Nimekuona tu. Kesho mchana uje kwangu tuzungumze kama watu."

"Nitakuja, mama."

Akatoka. Fundi akabaki nyuma kidogo, kama mtu anayetafuta alichosahau, akanishika vidole, vidole tu, akavibana.

"Narudi," akasema, "leo leo."

"Wewe mwigizaji!" shangazi akaita kutoka nje, na Fundi akatoka mbio.

Taa alinirukia shingoni, tukaanguka wote wawili juu ya kiti cha magurudumu, kikatupeleka mpaka ukutani, trei za mayai zikatudondokea kichwani. Alikuwa anapiga kelele, analia, ananiuliza maswali kumi kwa pamoja. Muda wote ule nilidhani kazi yangu duniani ni kukaa nyuma ya kioo na kuwaona watu. Nani angeniambia kwamba kuonwa, mchana kweupe, mbele ya shangazi mtu, kuna utamu kiasi hiki?